Lü Zhi, malkia mama wa Enzi ya Han: alitawala kwa nyenzo zipi hasa?

kalamu_ya_mwanzi:

Wakuu, heshima kwenu. Naandaa mchezo wa redio kuhusu Lü Zhi, mjane wa Liu Bang, yule mwanzilishi wa Dola la Han nchini China. Tamthilia za Kichina zilizotiwa sauti za Kiswahili zimetuzoesha malkia mama wa aina moja: yuko nyuma ya pazia, ananong'ona, kesho yake mtu anakufa kwa sumu. Kwenye redio hiyo haitoshi, maana msikilizaji haoni pazia wala kikombe. Anataka kusikia nani anamwamuru nani, na kwa nini anatiiwa.

Naomba mnieleze mambo yalivyoendeshwa. Mjane aliwezaje kutoa amri za dola wakati kaizari yupo, hata kama ni mtoto? Alikaa wapi, alilindwa na nani? Habari ya suria Qi na mwanawe ilikwendaje hatua kwa hatua? Kuna lolote alilolifanya nje ya kuta za ikulu? Na linalonisumbua kuliko yote: ukoo ulioshika kila kitu ulifutwaje upesi namna ile baada ya yeye kufa?

karani_wa_kale:

Mkuu, tuanze na mamlaka, mengine yatafuata.

Kaizari wa Han alikuwa na masuria wengi ila malkia mmoja. Kaizari akifa na mrithi akikalia kiti, yule malkia anakuwa malkia mama, awe amemzaa mrithi huyo au hakumzaa. Mbele ya sheria na mbele ya madhabahu ya mababu yeye ndiye mama, na mwana humtii mama hata akiwa kaizari. Kwa hiyo Lü Zhi hakuhitaji kumpindua mtu. Alihitaji kaizari ambaye kwa sheria ni mwanawe au mjukuu wake, na ambaye umri wake haujafika wa kushika mambo.

Ila msimwandike kama mwanamke aliyeibukia chumbani. Aliolewa na Liu Bang alipokuwa ofisa mdogo wa kituo huko Pei. Mwaka 205 KK, jeshi la Liu Bang liliposambaratishwa na mpinzani wake Xiang Yu huko Pengcheng, yeye na baba mkwe wake walitekwa, na wakakaa mateka hadi mwaka 203 KK. Alipofanywa malkia mwaka 202 KK mumewe alikuwa ameshazama kwa suria Qi. Mwaka 196 KK mumewe akiwa vitani, ndiye aliyemnasa jemadari Han Xin: waziri mkuu Xiao He alimwita ikuluni aje kutoa pongezi za ushindi, akakamatwa na kuuawa katika chumba cha kengele cha Ikulu ya Changle. Kwa hiyo Liu Bang alipofariki mwaka 195 KK, mawaziri walikuwa wameshamjua ni mtu wa namna gani.

Utawala wake una vipindi viwili, na ukivichanganya mchezo wako utapotea. Kipindi cha kwanza kaizari ni Hui, yaani Liu Ying, mwanawe wa kumzaa, aliyepata kiti akiwa na miaka 15 hivi. Hapo mama ana sauti kubwa, lakini amri zinatoka kwa jina la mwana. Hui alifariki mwaka 188 KK. Mkewe, Zhang Yan, alikuwa binti wa dada yake wa tumbo moja. Ndoa hiyo aliipanga mama ili kiti kisitoke nje ya damu yake. Zhang Yan hakupata mtoto. Akaagizwa ajifanye mjamzito, akapewa mtoto aliyezaliwa na mwanamke mwingine wa ikulu, na yule mzazi akauawa. Mtoto huyo ndiye aliyekalishwa kitini.

Hapo kinaanza kipindi cha pili. Sasa Lü Zhi anakaa barazani mwenyewe na kutoa zile amri za daraja ambalo tangu Enzi ya Qin, iliyoitangulia Han, lilikuwa la kaizari peke yake. Yule mtoto alipokua kidogo akasikia habari za mama yake, akatamka kwamba akiwa mkubwa atalipiza. Mwaka 184 KK alifungiwa ndani, ikatangazwa kwamba ni mgonjwa wa akili, akaondolewa na kuuawa. Akawekwa mwingine, Liu Hong. Desturi ilitaka kaizari mpya ahesabiwe mwaka wa kwanza. Safari hii hesabu haikuanza upya, na Sima Qian, mwanahistoria wa karne iliyofuata, anatoa sababu waziwazi: kwa kuwa mambo ya dola yaliamuliwa na malkia mama. Tena katika historia yake kuna sura nzima ya utawala ya Lü Zhi, wakati Hui hakupewa yake.

Makazi. Mji mkuu ni Chang'an, kando ya Xi'an ya leo. Ikulu zilikuwa mbili kubwa: Weiyang upande wa magharibi, alikokaa kaizari, na Changle mashariki, alikokaa malkia mama. Changle ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 6 hivi, kubwa kuliko Weiyang. Msafara wa Hui kwenda kumwamkia mama ulisimamisha njia kila mara, hadi akajenga barabara ya juu kuunganisha ikulu hizo. Mtaalamu wa ibada Shusun Tong akamkaripia kwa kuwa ilipita juu ya njia inayopitishwa mavazi ya marehemu baba yake. Changle ilikuwa na mkuu wake wa walinzi. Huyo mkuu wa walinzi usimwache, utamhitaji kipindi cha mwisho.

Bi_Nuru:

Ndugu mwandishi, kuhusu Qi na Ruyi watu huruka moja kwa moja kwenye ukatili wakaacha hatua zake, na hatua ndizo mchezo.

Chanzo ni urithi. Liu Bang alimwona Liu Ying ni laini mno, akataka kumweka Ruyi, mwana wa Qi. Mawaziri walipinga. Zhou Chang, mwenye kigugumizi, alipinga kwa hasira mpaka maneno yakamkwama kinywani (kwenye redio hiyo ni zawadi, itumie). Lü Zhi akaenda kwa Zhang Liang, mshauri wa Liu Bang, kuomba shauri. Zhang Liang akamwambia atafute wazee wanne waliojificha milimani kwa kuchukia dharau za Liu Bang. Walipoonekana kwenye karamu wakimfuata Liu Ying, mvi tupu, Liu Bang alikata tamaa ya kumbadilisha mrithi.

Liu Bang alijua mwisho utakuwaje. Akamfanya Ruyi mfalme wa Zhao, mbali na mji mkuu, akampa Zhou Chang yuleyule awe waziri wake wa kumlinda. Baada ya msiba, malkia mama akatuma mjumbe mara tatu kumwita Ruyi. Zhou Chang alikataa mara zote, akisema kijana mgonjwa. Sasa tazama alivyofanya: hakutuma jeshi. Alimwita Zhou Chang mwenyewe kwanza. Waziri hawezi kukataa wito wa mji mkuu. Alipokwisha kufika Chang'an, mjumbe wa nne akaenda kwa Ruyi, na sasa hakukuwa na wa kusema hapana.

Kaizari Hui akatambua. Alitoka mwenyewe kumpokea mdogo wake nje ya mji, wakawa wanakula pamoja na kulala pamoja, ili mama asipate mwanya. Ilikwenda hivyo miezi kadhaa. Asubuhi moja ya baridi Hui aliondoka alfajiri kwenda kuwinda kwa mishale. Ruyi, mtoto bado, hakuweza kuamka mapema. Mama alipopata habari kuwa yuko peke yake, akapeleka pombe yenye sumu. Kulipopambazuka Hui akarudi, akakuta ameshakufa.

Qi alikuwa ameshafungwa kabla ya hapo: kichwa kimenyolewa, pete ya chuma shingoni, nguo nyekundu za wafungwa, kazi kutwanga nafaka. Akaimba akitwanga, kwamba mwana ni mfalme na mama ni mtumwa, na nani atampelekea habari. Wimbo huo ndio uliomfanya Lü Zhi amwite Ruyi. Mwana alipokufa, mama alikatwa mikono na miguu, akatolewa macho, akaharibiwa masikio, akanyweshwa dawa ya kumfanya bubu, akatupwa chooni na kuitwa nguruwe-mtu. Siku chache baadaye Hui aliitwa kuja kutazama. Alipoambiwa ni nani, alilia, akaugua karibu mwaka mzima, akatuma ujumbe kwa mama kwamba hili si tendo la binadamu, na kwamba yeye, mwana wa mtu kama huyo, hawezi kutawala. Akajitupa kwenye pombe na wanawake. Kisiasa, Lü Zhi alijikata tawi alilokalia: mwanawe wa pekee ndiye aliyekuwa uhalali wake wote.

Linganisha na suria Bo. Liu Bang hakumtembelea sana, hivyo hakumtia mtu wivu. Aliruhusiwa kwenda na mwanawe Liu Heng kwenye ufalme wa Dai, kaskazini, mpakani penye baridi na Waxiongnu, wafugaji wa kuhamahama. Akasahauliwa huko, ikawa salama yake. Mpe sauti katika kipindi cha kwanza, utajua kwa nini.

Tukio lingine fupi linalofaa kipindi kizima: mwaka 193 KK Liu Fei, mfalme wa Qi (ufalme, si yule suria), alikuja Chang'an. Ni kaka mkubwa wa Hui kwa mama mwingine. Kwenye karamu ya kifamilia Hui alimketisha juu yake kwa heshima ya ukaka. Malkia mama akakasirika, akaagiza vikombe viwili vya sumu viwekwe mbele ya Liu Fei ili anyanyuke kumtakia afya njema. Liu Fei akanyanyuka. Hui naye akanyanyuka, akachukua kikombe cha pili. Mama akashtuka, akakipiga kikombe cha mwanawe kikamwagika. Liu Fei akajifanya amelewa, akatoka. Baadaye ofisa wake akampa hesabu: wewe una miji zaidi ya 70, binti wa malkia mama ana michache, mpe jimbo moja. Akatoa jimbo zima la Chengyang kwa binti mfalme Luyuan na kumpa heshima ya malkia mama wa Qi, ingawa kwa nasaba ni dada yake. Malkia mama akafurahi, akamfanyia karamu nyumbani kwake mjini, akamwacha aende. Hiyo ndiyo bei ya roho ya mfalme mwaka ule.

mizani_ya_shaba:

Nimesoma yote juu, yako sawa, ila mchezo ukiishia ikuluni mtakuwa mmempa msikilizaji nusu ya mtu. Sima Qian, ambaye hakumpenda, anafunga sura yake kwa kusema kwamba wakati huo watu walipumzika baada ya vita, adhabu zilikuwa chache, wahalifu walipungua, watu walilima na nguo na chakula vikaongezeka.

Kuta za Chang'an zimejengwa wakati huu, 194 hadi 190 KK. Mwaka 192 KK waliitwa wanaume na wanawake 146,000 kutoka umbali wa li 600, yaani kilomita 250 hivi, kwa siku 30 tu kisha wakarudishwa. Mwaka 190 KK wakaitwa 145,000, tena siku 30. Kikomo hicho cha siku ndicho cha kutazama. Dola la Qin lilianguka kwa kuwaita watu kazini bila kuhesabu msimu wa shamba, na kizazi hiki kiliyaona hayo kwa macho. Katikati ya mwaka 192 KK walitumika wafungwa 20,000 badala ya wakulima.

Sheria: mwaka 191 KK ilifutwa marufuku ya Qin ya kumiliki vitabu. Mwaka 187 KK Lü Zhi mwenyewe alifuta adhabu ya kuangamiza koo tatu kwa kosa la mtu mmoja, pamoja na sheria ya kuadhibu maneno yanayohesabiwa ya uchochezi. Mwaka 189 KK wanawake wa miaka 15 hadi 30 wasioolewa walitozwa kodi ya kichwa mara tano. Kawaida ilikuwa sarafu 120. Lengo ni kuongeza watu baada ya vita, na mzigo ukaangukia wasichana na baba zao. Sina haja ya kuipamba.

Sarafu: kwa jina sarafu ya wakati ule ni ya nusu liang, yaani zhu 12 (liang na zhu ni vipimo vya uzito), ila mumewe aliruhusu watu kujitengenezea, zikawa nyepesi kama mbegu. Mwaka 186 KK yeye alitoa sarafu ya zhu 8, gramu 5 hivi. Haikudumu. Sarafu nzito ikiingia sokoni penye nyepesi za thamani ileile, mwenye akili anaiyeyusha kupata shaba. Mwaka 182 KK akatoa nyepesi zaidi.

Ushahidi mzuri kabisa haukutoka kwa wanahistoria. Umetoka kaburini: mwishoni mwa mwaka 1983 huko Zhangjiashan, mkoa wa Hubei, kaburi nambari 247 lilitoa mamia ya vijiti vya mianzi vyenye sheria za mwaka wa 2, yaani 186 KK, chini ya Lü Zhi. Kuna kifungu kinachowapunguzia adhabu wajukuu na vitukuu vya baba yake Lü Zhi, aliyekuwa ameshakufa na kupewa cheo cha mfalme. Ukoo wake umeingizwa ndani ya sheria ya dola. Kuna kifungu kingine kinachopanga nani anakuwa mkuu wa kaya mwanamume akifa bila mwana: baba au mama, wasipokuwepo mjane, asipokuwepo binti. Mjane kuwa mkuu wa kaya lilikuwa jambo linalojulikana kijijini. Waliomtii Lü Zhi hawakuwa wanaona mwujiza.

Na mambo ya nje: mwaka 192 KK Modu, mtawala wa Waxiongnu, alimwandikia barua ya kejeli kwamba wote wawili ni wapweke, basi wabadilishane walicho nacho kwa kile wasicho nacho. Shemeji yake, jemadari Fan Kuai, akaomba askari 100,000. Ofisa Ji Bu akajibu kwamba Fan Kuai anastahili kukatwa kichwa, kwa sababu Liu Bang alikuwa na zaidi ya 300,000 na bado alizingirwa Pingcheng siku saba. Malkia mama akameza hasira. Akajibu kwamba amezeeka, nywele na meno yanang'oka, hatembei sawasawa, mtukufu asijichafue bure, na akaambatisha magari mawili ya kifalme na farasi wake. Modu akaomba radhi na kutuma farasi. Mtu aliyemtoa Qi macho ndiye aliyeandika barua hiyo, msimfanye kichaa.

kalamu_ya_mwanzi:

Asanteni sana, hii ni hazina. Yamebaki mawili. Pazia lipo au halipo? Na kule kuanguka kwa ukoo, nipeni kama hatua za uwanjani: nani alikuwa wapi, ameshika nini.

karani_wa_kale:

Pazia liweke kando. Pazia la njano ni la Cixi, baada ya mwaka 1861 BK, zaidi ya miaka 2,000 mbele. Kwa Enzi ya Han tunaye Cai Yong, msomi wa karne ya 2 BK, anayeeleza desturi: malkia mama anayeshika hatamu huketi kwenye ukumbi wa mbele akitazama mashariki, kaizari mdogo akitazama magharibi, na kila andiko la mawaziri huletwa nakala mbili, moja ya malkia mama na moja ya kaizari. Kwa redio ni rahisi sana: karani anasoma, watu wawili wanapokea, mmoja tu anajibu.

Sasa kuanguka. Lazima uanze kwenye mazishi ya Hui mwaka 188 KK. Malkia mama alilia bila machozi. Zhang Pijiang, kijana wa miaka 15, mtoto wa Zhang Liang, akamweleza waziri mkuu: mwanawe wa pekee amekufa bila kuacha mtu mzima, anawaogopa ninyi wakubwa; ombeni ndugu zake wapewe majeshi, mtapona. Wakaomba. Hapo machozi yakatoka.

Majeshi yenyewe yalikuwa mawili: la Kusini lililinda ikulu, la Kaskazini lililinda mji. Mwishoni wana wa kaka zake walizishika: Lü Lu la Kaskazini na Lü Chan la Kusini. Wote wawili walifanywa pia wafalme, na hilo ndilo kosa. Liu Bang aliwaapisha watu wake kwa damu ya farasi mweupe kwamba asiye wa ukoo wa Liu akijifanya mfalme, dunia nzima impige. Waziri mkuu wa kulia, Wang Ling, alikikumbusha kiapo hicho. Akapandishwa cheo kuwa mwalimu mkuu wa kaizari, kazi isiyo na muhuri wa maana, akajiuguza nyumbani. Wakuu wenzake, Chen Ping na Zhou Bo, wakasema hakuna tatizo. Waliomwona Wang Ling anapoangukia walikuwa wamepiga hesabu zao.

Malkia mama alifariki tarehe 18 Agosti 180 KK. Kabla ya kufa aliwaagiza Lü Lu na Lü Chan: shikeni majeshi, lindeni ikulu, wala msitoke kusindikiza jeneza. Ushauri sahihi kabisa, na haukufuatwa hadi mwisho. Ukoo kuanguka zilihitajika siku 39 tu.

Kwanza mfalme wa Qi (mwana wa yule Liu Fei wa kikombe) alinyanyua jeshi. Ukoo wa Lü ukamtuma jemadari Guan Ying kumzuia. Akafika Xingyang, akasimama, akapatana naye kimyakimya. Kwa hiyo jeshi la shambani limeshawatoka.

Pili, muhuri. Zhou Bo ana cheo kikubwa cha kijeshi lakini hana jeshi. Hawezi hata kuingia kambini. Yeye na Chen Ping wakamshika mateka mzee Li Shang ili mwanawe Li Ji, rafiki wa Lü Lu, amrubuni: rudisha muhuri wa ujemadari, nenda kwenye ufalme wako ukalale usingizi. Lü Lu akayumba. Alimpitia shangazi yake Lü Xu wakati akienda kuwinda. Shangazi akakasirika, akamwaga lulu na johari zake uani akisema hana sababu ya kuwatunzia watu wengine.

Tarehe 26 Septemba mambo yakaiva. Ofisa Ji Tong, mwenye dhamana ya fimbo za mamlaka, alimwingiza Zhou Bo kambini kwa kudai ni amri ya kaizari. Li Ji akamwambia Lü Lu atoe muhuri sasa hivi kabla hayajaharibika. Akautoa, akaondoka. Zhou Bo akawatangazia askari: wa Lü afunue bega la kulia, wa Liu afunue la kushoto. Wote wakafunua la kushoto.

Tatu, mlango. Lü Chan hakujua kwamba mwenzake ameachia jeshi. Akaenda Ikulu ya Weiyang. Mkuu wa walinzi wa huko alikuwa ameshaambiwa asimruhusu kupita lango la ukumbi. Akawa anazunguka huku na huko nje. Zhou Bo hakuthubutu bado kutangaza vita, akampa Liu Zhang, mjukuu wa Liu Bang, watu 1,000 "wakamlinde kaizari". Jioni, upepo mkali ukivuma, watu wa Lü Chan wakatawanyika, naye akauawa ndani ya choo cha ofisi moja ya ikulu. Kisha Liu Zhang akapanda gari na mjumbe mwenye fimbo ya mamlaka, akapitishwa hadi Changle, akamuua Lü Gengshi, yule mkuu wa walinzi niliyekuambia umwekee nafasi. Baada ya hapo ni mauaji: wanaume na wanawake wa ukoo, wakubwa kwa wadogo. Lü Lu akakatwa kichwa, Lü Xu akapigwa fimbo hadi kufa. Mtoto Liu Hong naye aliondolewa, ikisemwa si damu ya Hui, akauawa. Wakamleta Liu Heng kutoka Dai, na mama yake Bo akawa malkia mama.

Nguvu zote za Lü Zhi zilipita kwake binafsi. Kwa ndugu zake ilibaki mihuri, na muhuri unaweza kuukabidhi kwa rafiki mbaya.

Bi_Nuru:

Naongeza mfano mmoja, usije ukadhani ni tabia ya Lü Zhi peke yake. Deng Sui, malkia mama mwaka 106 BK akiwa na miaka 25 hivi, alimkalisha kitini mtoto wa siku mia na ushei. Mtoto huyo alipokufa mwaka huohuo, Deng Sui akamleta mwingine wa miaka 12. Alikuwa msomi, mwanafunzi wa Ban Zhao, alipunguza matumizi ya ikulu, na mwaka 119 BK alifungua shule kwa watoto wa koo za kifalme na za kwao, wavulana kwa wasichana. Lakini hakuachia madaraka hata kaizari alipokuwa mtu mzima. Ofisa Du Gen aliyemwomba aachie alitiwa kwenye mfuko apigwe hadi kufa ukumbini. Wapigaji walimhurumia, akajifanya maiti siku tatu, akatoroka na kufanya kazi kwenye duka la pombe miaka 15. Deng Sui alifariki mwaka 121 BK, na ndani ya miezi michache kaka yake Deng Zhi alikuwa amejiua kwa njaa. Aliyetawala vizuri na aliyetawala vibaya, koo zao zilifika mlango mmoja.

mizani_ya_shaba:

Ushauri mdogo wa tarehe kabla hujarekodi: hadi mwaka 104 KK mwaka wa Han ulianza mwezi wa kumi, ndiyo maana ndoa ya Hui au kifo cha Ruyi utakikuta kitabu kimoja kinataja mwaka huu na kingine mwaka uliotangulia. Shika majina ya miaka ya utawala, "mwaka wa kwanza wa Hui", utakuwa salama. Umri nao huhesabiwa kwa mtoto kuzaliwa na mwaka mmoja, kwa hiyo punguza mmoja, wakati mwingine miwili.

kalamu_ya_mwanzi:

Nimeelewa. La mwisho kabisa: kaburi lake lipo? Na nimewahi kuona picha ya muhuri mweupe wanaosema ni wake.

karani_wa_kale:

Kaburi lipo Changling, kaskazini ya mto Wei, eneo la Xianyang. Yeye na Liu Bang wana vichuguu viwili tofauti ndani ya uzio mmoja. Lilivunjwa na waasi wa Nyusi Nyekundu mwaka 26 BK, na maiti yake ikanajisiwa.

Muhuri uliokotwa mwaka 1968 karibu na hapo. Ni wa jiwe jeupe la yu (jade), kila upande sentimita 2.8, uzito gramu 33, juu kachongwa mnyama aliyejikunja, chini herufi nne zinazosema ni muhuri wa malkia. Hauna jina la mtu. Wengi wanauhusisha naye kwa sababu ya mahali ulipookotwa, wengine wanaushusha hadi wakati wa Kaizari Wu. Uko Makumbusho ya Historia ya Shaanxi, Xi'an. Kwenye mchezo tumia sauti ya muhuri kugonga udongo, si wino, kwa sababu wakati ule barua za vijiti zilifungwa kamba na kupigwa muhuri juu ya donge la udongo.

Na kama unataka kujua hesabu yake ilifungwa lini: mwaka 56 BK Kaizari Guangwu aliamuru kibao cha ibada cha Lü Zhi kiondolewe kando ya Liu Bang, kipelekwe kwenye bustani ya kaburi. Nafasi ya mke mkuu akapewa Bo.